Uzi wa pushapu: acheni kubana mabega, yaacheni makombe yatembee (Tanga mpo?)

Kocha wa Mchangani (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Wana Tanga popote mlipo, na wageni pia, karibuni jamvini.

Ukipita Raskazone Jumamosi alfajiri utakuta vikundi vya joging vimejaa, fulana za rangi moja, nyimbo, filimbi. Jambo zuri sana, sina neno. Mbio zikiisha zinafuata pushapu, na hapo ndipo huwa natamani kugeuza uso. Kiongozi anahesabu kwa kasi ya mtu anayefukuzwa, viuno vimebonyea, viwiko vimetanuka, kidevu kinagusa mchanga kabla ya kifua. Halafu juu ya kelele zote inakuja ile amri tuliyoizoea: "Bana mabega! Toa kifua!"

Amri hiyo ndiyo iliyonileta. Nafundisha mazoezi ya viungo hapa mjini, wengi wa vijana wangu ni madereva wa bodaboda, wabeba mizigo na wanafunzi, na wakija na maumivu mara nyingi ni bega, si kifua. Nasema hivi: kubana mabega ni sahihi ukiwa umelala chali kwenye benchi la vyuma. Kwenye pushapu unajinyima sehemu ya zoezi ambayo bega lako linaihitaji kuliko zote.

Tuanze na mfupa wenyewe. Kombe la bega ni ule mfupa bapa wa pembetatu uliokaa nyuma ya mbavu. Mwambie mtu aweke kiganja mgongoni kwako halafu uzungushe mkono, atausikia unatembea chini ya ngozi. Mfupa huu haujaungana na mbavu kwa kiungo cha mfupa. Umeshikwa na mtulinga kwa mbele basi, kwingine kote umeshikwa na misuli. Ipo 17 inayojishikiza kwenye kombe moja. Ndiyo maana mkono wa binadamu una uhuru mkubwa namna hii, na ndiyo maana bega linaharibika upesi likifanyiwa kazi ovyo. Ukiinua mkono kutoka ubavuni mpaka juu ya kichwa ni digrii 180, na kati ya hizo karibu 120 zinatoka kwenye kiungo cha bega, 60 zinatoka kwa kombe kuzunguka juu ya mbavu. Kombe likigoma kuzunguka, kiungo kinabebeshwa deni lisilo lake.

Sasa msuli. Upo mmoja unaitwa seratasi ya mbele. Unaanzia kwenye mbavu nane au tisa za juu, pale ubavuni chini ya kwapa, unapita kati ya kombe na mbavu, unaenda kujishikiza kwenye ukingo wa ndani wa kombe, ule ulio karibu na uti wa mgongo. Ukikaza, unalivuta kombe kwenda mbele likizunguka kifua, na unalibandika lisiinuke. Mtazame bondia akiwa kifua wazi: vile vipande vilivyopangana ubavuni ndivyo hivyo. Ngumi ndefu inamalizwa na msuli huo.

Kwenye benchi mgongo umelalia ubao, makombe hayana pa kwenda, na ukiyabana unapata jukwaa imara la kusukumia chuma. Kwenye pushapu mambo yamegeuka. Viganja vimetulia, mwili ndio unaosafiri, na mgongo uko hewani. Makombe yako huru kukaribiana unaposhuka na kuachana unapopanda. Ukiyabana muda wote, seratasi inabaki mtazamaji, na kifua na trisepi (msuli wa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko) vinafanya kazi juu ya bega lililoganda.

Namna ninavyoifundisha ni hivi. Viganja viwe usawa wa kifua, si usawa wa uso, upana umezidi mabega kidogo. Vidole vielekee mbele au nje kidogo. Kabla hujashuka, kaza makalio na tumbo, kiuno kisibonyee. Viwiko viende nyuma na nje kwa pamoja, kama digrii 45 kutoka ubavuni. Ukitazamwa kutoka juu, mwili na mikono vionekane na umbo la mshale, si herufi T. Shuka taratibu, makombe yaache yasogeleane yenyewe kwa kadiri kifua kinavyozama, usiyabane kabla ya safari. Ukifika chini usijibwage. Panda. Na ukifika juu, viwiko vikishanyooka, pale ambapo kila mtu anasema "moja" na kuanza kushuka tena, hujamaliza. Bado kuna sentimita chache. Isukume ardhi iende mbali nawe bila kukunja kiwiko, mpaka usikie makombe yameachana na mgongo wa juu umejaa. Hapo ndipo "moja" inatamkwa.

Hizo sentimita chache ndizo uzi mzima. Wataalamu wa tiba ya viungo wanazitumia kuwarudisha wanamichezo wenye mabega mabovu tangu miaka ya 1990, maana vipimo vya misuli vilionyesha seratasi inafanya kazi kubwa hapo kuliko kwenye sehemu nyingine ya pushapu.

Kuna kijana wangu mmoja wa bodaboda, kifua kipana, anajulikana kijiweni kwa pushapu. Nilimwambia avue fulana nikasimama upande wa miguu yake. Kila akishuka, ncha za chini za makombe zilichomoza kama mabawa ya kuku anayetaka kuruka ua. Ungeweza kupenyeza ncha za vidole chini ya ukingo. Nikamtoa mchangani nikampeleka kwenye ukuta mfupi, mikono juu ya ukuta, mwili umenyooka. Nikaweka kiganja katikati ya makombe. "Kiwiko kisikunje. Zamisha kifua mpaka makombe yabane mkono wangu. Haya, sasa nisukume nitoke." Akapandisha mabega mpaka masikioni. Nikamshusha. Akajaribu tena, safari hii akaukunja mgongo wote na kichwa kikaning'inia, makombe yenyewe hayajasogea. Nikaacha kusema habari za mgongo kabisa. Nikamgusa ubavuni chini ya kwapa kwa vidole viwili: "Sukumia hapa." Likaja. Akatetemeka mikono yote miwili, mtu wa pushapu nyingi, kwa kusogea sentimita tatu tu ukutani!

Kwa hiyo wanaofundisha wenzao, ujanja upo kwenye mahali unapogusa na neno unalolitumia. "Rudisha makombe", "tanua makombe", hayo ni maneno ya sisi tunaotazama. Anayefanya haoni mgongo wake. Mpe kitu cha kusukuma.

Karibuni tujadili. Maswali yote nitajibu nikitoka swala ya isha.

---

Kahawa na Kashata

Naweka kambi hapa, nimeagiza na kashata. Mie pushapu zangu ni za kuinuka kitandani.

---

Mstaafu wa Gwaride

Mleta mada, heshima yako. Ila vijana wa siku hizi mnapenda kuchambua. Sisi jeshini tulipiga pushapu juani, juu ya changarawe, hakuna aliyeuliza kombe liko wapi. Afande anahesabu, unapiga. Na mabega tunayo hadi leo, nina miaka 60 na ushei. Hizi za taratibu kila moja na maelezo yake, kwa mwendo huo mtu atapiga kumi aseme kafanya mazoezi?

---

Kocha wa Mchangani

Shikamoo mzee wangu. Kumi zinatosha sana zikiwa kamili, na mtu mwingine hizo kumi atazimalizia kesho.

Tuangalie mzigo. Kuna waliopima kwa mizani ya kukanyagia, wakakuta kwenye pushapu ya kawaida viganja vinabeba kama asilimia 64 ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 anasukuma kama kilo 45 kila mara. Kiongozi akihesabu haraka, kilo hizo zinaangukia mahali ambapo mwili umeamua kujiokoa, na mwili hujiokoa kwa kubonyea kiuno au kuning'inia kwenye kiungo cha bega. Idadi inapanda, lakini msuli tuliokuwa tunautafuta haujaguswa.

Ninyi mlikuwa na kitu ambacho vijana wangu hawana, mzee: mlikuwa mnalima, mnabeba, mnapanda kamba, mnatambaa. Kutambaa peke yake ni darasa la makombe. Kijana wa leo anatoka kwenye pikipiki, mabega yamejikunja mbele kutwa nzima, akifika mchangani anadai hamsini.

---

Bi Sahare

Assalaam alaykum kocha. Mimi na kina mama wenzangu tunafanya mazoezi jioni. Nina maswali mawili. La kwanza, pushapu hata moja siwezi, nikishuka nimeshuka moja kwa moja. La pili, sisi tunafanya na dera na hijabu, na kocha wetu ni mwanaume. Mgongo hauoni, na kugusa hawezi. Hayo makombe atayaona wapi?

---

Kocha wa Mchangani

Waalaykum salaam Bi Sahare. Maswali mazuri, la pili hasa, maana makocha wengi hulikwepa.

Hilo la kwanza ni hesabu tu. Mikono ikiwa juu ya kitu chenye urefu wa kama sentimita 60, mzigo unashuka mpaka kama asilimia 41. Mama wa kilo 70 anasukuma kama kilo 29 badala ya 45. Pushapu ya magoti ni kama asilimia 49. Kwa hiyo anza juu: ukuta wa nyumba, kisha meza nzito isiyoteleza, kisha ukuta mfupi au benchi la saruji, kisha ngazi ya chini, halafu ardhi. Mimi napendelea njia hii kuliko magoti, kwa sababu mwili unabaki umenyooka mzima tangu siku ya kwanza na makalio yanajifunza kazi yao. Magoti si haramu, ila wengi wakipiga magoti wanakunja nyonga na makalio yanabaki juu.

La pili: fanyeni wawili wawili. Mwenzako aweke kiganja katikati ya makombe yako juu ya dera, kocha asimame mbali atoe maneno. Anayeshika atasikia kwa mkono kuliko kocha anavyoona kwa macho. Na mkiwa na mpini wa fagio, ulaze mgongoni uguse mahali patatu: kisogo, katikati ya makombe, na juu ya makalio. Ukizama na kisogo kikaachana na mpini, kichwa kimetangulia. Ukiachana na makalio, kiuno kimekunjika. Ukifika juu na kufanya ile nyongeza ya sentimita chache, mgongo wa juu uusukume mpini kidogo tu. Kocha anaona yote hayo akiwa hatua tano, na heshima ya kila mtu iko palepale.

Kitu kingine atakachokiona juu ya dera ni umbali kati ya sikio na bega. Ukipungua, mabega yamepanda.

---

Msarakasi wa Bagamoyo

Salaam kutoka Bagamoyo. Nimesoma uzi nikacheka, maana sisi wa sarakasi habari hii ni mkate wa kila siku. Nilipita TaSUBa, wazee wanakifahamu kama Chuo cha Sanaa, kilichoanza mwaka 1981. Ukitaka kusimama kwa mikono na umebana makombe, utaanguka tu. Unaambiwa "refuka!", usukume sakafu mpaka mabega yakaribie masikio.

Sasa hapo kocha umesema mabega yasipande masikioni. Mbona tunagongana?

---

Kocha wa Mchangani

Hatugongani mkuu, mkono uko mahali tofauti. Wewe umesimama kwa mikono, mikono iko juu ya kichwa. Hapo kombe lazima lizunguke na kupanda, zile digrii 60 zote zinatakiwa. Kwenye pushapu mkono uko mbele ya kifua, kombe linakwenda mbele kuzunguka mbavu. Mtu akilipandisha masikioni hapo, amekwepa kazi: misuli ya shingo imechukua zamu ya seratasi. Ila msuli ni uleule unaokuhudumia wewe na sisi. Ndiyo maana msarakasi akija kwangu, pushapu simfundishi, ninamweka mbele watu wamtazame.

Tupe la viganja basi, maana nyie ndio mafundi.

---

Msarakasi wa Bagamoyo

Viganja: hatuegemei kisigino cha mkono peke yake. Vidole vinatanuliwa, ncha zinaikamata sakafu, shina la kidole cha shahada linakandamiza. Ukiegemea kisigino tu, kifundo kinauma. Kabla ya yote tunapiga magoti, viganja chini, tunasogea mbele na nyuma taratibu mpaka vifundo vipate moto. Nimeona watu wanaingia pushapu vifundo vya baridi halafu wanalaumu zoezi.

---

Kijana wa Chuda

Kocha, mimi kifundo cha mkono kinanisumbua nikiwa mchangani, ukumbini hakinisumbui. Kwa nini?

---

Kocha wa Mchangani

Mchanga mkavu unazama upande wa kisigino cha mkono, kifundo kinakunjika kupita kiasi. Subiri maji yakipwa, sogea kwenye mchanga uliolowa, ule mgumu unaoacha alama ya mguu bila kuzama. Au piga kwa ngumi, kifundo kimenyooka, mchanga unakuwa mto. Wa ndani wanaweza kushika vyuma viwili vya mkono visivyoviringika.

Na maadamu tuko ufukweni: ufukwe una mteremko, utumieni! Miguu ikielekea baharini na mikono ikiwa upande wa nchi kavu, mikono iko juu, pushapu inakuwa nyepesi. Ukigeuka, miguu ikawa upande wa juu, inakuwa nzito. Miguu ikiinuliwa sentimita 60 mzigo unafika kama asilimia 74. Mteremko wetu hauna urefu huo, lakini tofauti utaisikia. Huwa nawapanga wapya wanatazama nchi kavu na wakongwe wanatazama bahari, kikundi kimoja, filimbi moja, kila mtu na mzigo wake, na hakuna anayejiona ametengwa.

---

Fundi Vyuma

Nimesoma, nimevumilia, sasa niseme. Mimi ni mtu wa jimu na benchi presi. Bega lililoachiwa ni bega linaloumia. Makombe nyuma na chini, kifua juu, ndivyo wanyanyua vyuma wote wanavyofanya. Wewe unawaambia watu wayaache "yatembee". Ukimpa mtu mpya uhuru huo atamwaga mabega mbele, atapata maumivu, halafu atasema pushapu mbaya. Na kuhusu viwiko, nimepiga vimetanuka miaka yote, sijawahi kuumia.

---

Kocha wa Mchangani

Fundi, kwenye benchi tuko pamoja, nimeandika hivyo tangu mwanzo. Na kuhusu mtu mpya kumwaga mabega, una haki ya kuogopa. Ndiyo maana simwachii ardhini. Namwanzisha ukutani na kiwiko kilichonyooka, azamishe kifua na kukisukuma, mpaka ajue makombe yake yanaishi wapi. Kutembea ninakokusema kuna breki: kombe linasogea huku limebanana na mbavu. Kumwaga ni pale bega linapodondoka mbele na ukingo wa ndani unainuka kutoka mbavuni.

Viwiko kutanuka, sijasema utavunjika kesho. Mkono ukiwa umetoka digrii 90 na ubavu chini ya mzigo, nafasi kwenye bega ni finyu na wengine inawauma. Wewe haikuumi, sawa. Lakini wewe unajifundisha mwenyewe, mimi nafundisha watu ambao siyajui mabega yao. Nachagua njia inayowafaa wengi. Anayetaka kuvileta viwiko karibu na mbavu, trisepi itafanya kazi zaidi, ruhusa.

Jambo moja la kupima mwenyewe. Watu wa jimu wengi wanabana makombe kwenye benchi, wanayabana wakivuta kamba, wanayabana wakibeba chuma. Kwenye wiki yako nzima, ni zoezi gani linaloyapeleka makombe mbele kwa nguvu?

---

Kahawa na Kashata

Yakhe, nimejaribu chumbani. Mke wangu kaweka mkono mgongoni, namwambia "nakusukuma utoke", ananiuliza nitoke niende wapi. Mazoezi yameahirishwa.

---

Kuli wa Bandarini

Kocha samahani nakuja na shida. Mimi kazi yangu ni kubeba magunia, bega la kulia ndilo langu la siku zote. Siku za karibuni kombe la kulia linachomoza peke yake, la kushoto liko sawa. Nikisukuma mlango linatokeza zaidi. Kuinua mkono juu ya kichwa kumekuwa shida, nachoka haraka. Haliumi sana. Nianze hizo za ukutani?

---

Kocha wa Mchangani

Ndugu yangu, usianze. Nenda hospitali kwanza, hapa kwetu Bombo ipo. Pande zote mbili zikichomoza kidogo kwa mtu mwembamba au asiye na nguvu, hilo ni la mazoezi. Upande mmoja, umekuja hivi karibuni, na mkono umepoteza nguvu: hilo si langu. Kama kuna mtaalamu humu atuongezee.

---

Mtu wa Viungo

Nipo kwenye tiba ya viungo, nitasema kwa jumla bila kumtibu mtu mtandaoni. Seratasi inaendeshwa na neva moja ndefu inayotoka shingoni na kushuka ubavuni. Ipo juu juu, haina ulinzi mkubwa, kwa hiyo mzigo mzito wa begani, mkanda wa begi, kupigwa ubavuni, hata ugonjwa wakati mwingine, vinaweza kuiumiza. Ikiumia, kombe la upande huo linachomoza hasa mtu akisukuma ukuta. Nyingi hupona, lakini taratibu, ni habari ya miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Kulazimisha pushapu wakati huo hakuharakishi kitu, kunachosha misuli mingine inayofidia. Ndugu Kuli apumzishe bega hilo na magunia na akaonwe mapema. Amweleze daktari kazi yake ni ipi na lilianza lini. Akikaa kimya, atapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani.

Nimkazie kocha jambo moja: makombe kusogeleana na kuonekana unapokuwa chini kabisa ni kawaida. Wengi wakisoma uzi kama huu wanaanza kujipiga picha na kuogopa. Tazama ukingo wa ndani na ncha ya chini, hasa ukiwa juu, mikono imenyooka. Hapo kombe linatakiwa lilale.

---

Kuli wa Bandarini

Nashukuru sana. Jumatatu naenda.

---

Ticha wa Mazoezi

Nami nichangie upande wa shule. Pushapu kwa watoto wetu ni adhabu. Umechelewa, kumi. Umepiga kelele, ishirini. Mtoto anajifunza kwamba pushapu ni kitu cha kumaliza haraka mwalimu asione. Baadaye nikimwambia ashuke taratibu anadhani nimemzidishia adhabu. Mimi nimehamia kwenye kutambaa: mikono na miguu chini, magoti hewani, mbio za timu mbili uwanjani. Makombe yanafanya kazi yote na hakuna anayelalamika.

---

Kocha wa Mchangani

Ticha umemaliza. Kutambaa kwa magoti kuinuliwa ni dawa, naiba.

---

Dereva wa Duga

Kocha tuambie sasa ratiba, ngapi na mara ngapi, tusiende kinadharia.

---

Kocha wa Mchangani

Mara tatu kwa wiki, siku zisifuatane. Anza na zile za kiwiko kilichonyooka, nane hadi kumi, ukutani au magoti na viganja chini. Kisha pushapu kamili kwa urefu unaokufaa, raundi tatu, tano hadi nane kila raundi. Kushuka hesabu tatu, kupanda moja, juu kabisa fanya nyongeza na ukae hesabu mbili. Raundi inaisha pale kombe linapoanza kuchomoza au kiuno kinapobonyea, hata kama idadi haijatimia. Mwenzako ndiye refa, wewe huna macho ya kisogoni.

Raundi zote tatu zikifika nane safi, siku mbili mfululizo za mazoezi, teremka ngazi moja. Kutoka meza kwenda benchi, benchi kwenda ngazi. Usiruke kwa sababu jirani ameruka.

Na kila siku ya kusukuma iwe na kuvuta. Huna vyuma? Tairi kuukuu na kamba, kaa mchangani ulivute likufikie, lirudishe, vuta tena. Wavuvi wa nyavu za kukokota hili wasamehewe, wao wanavuta vya kutosha, wanachokosa ni kusukuma.

Kwa dereva wa bodaboda kama wewe: kituoni ukisubiri abiria, simama uelekee ukuta, viganja ukutani, kiwiko kimenyooka, zamisha na sukuma mara kumi. Watu watakucheka siku ya kwanza.

---

Bi Sahare

Kocha nimeleta mrejesho. Jana tulifanya na mpini wa fagio. Kichwa ndicho kilichotutia aibu, wote kilikuwa kinatangulia. Na mimi nimepiga sita kwenye benchi la saruji, mwenzangu kashika mgongo, anasema ya nne ndiyo aliyoisikia vizuri, ya tano na ya sita nilikuwa nadanganya.

---

Kocha wa Mchangani

Basi idadi yako ni nne mama, na refa wako ni mzuri, usimbadilishe. Kuhusu kichwa, tazama ardhi kama shibiri moja mbele ya viganja, macho yasihame. Wengi wanatanguliza kichwa kwa sababu wanaitafuta ardhi mapema.

---

Fundi Vyuma

Nimejibu swali lako la zoezi gani linapeleka makombe mbele. Sina. Hata moja kwenye ratiba. Bado sikubaliani na habari za viwiko, hilo tuache. Nitaweka hizi baada ya benchi wiki hii nilete video mnihukumu.

---

Kocha wa Mchangani

Lete. Simu iwe upande wa miguu, imeinuka usawa wa kiuno cha mtu aliyesimama, fulana vua. Taa au dirisha viwe pembeni yako, si nyuma ya simu, ili ukingo wa kombe ukiinuka utupe kivuli tuuone. Piga tatu ukiwa mpya na tatu za mwisho ukiwa umechoka, za katikati zikate, hatuna haja nazo.